Doa na Ngozi Inayolizunguka: Historia ya Kulielewa Jeraha la Jua Kabla Halijawa Saratani

Doa dogo gumu, lenye magamba na wekundu chini yake, ambalo huota usoni, masikioni, kwenye upara na migongoni mwa viganja vya watu waliokaa juani miaka mingi, lilianza kuandikwa kwa makini na madaktari wa Ulaya katika muongo wa mwisho wa karne ya 19, na waliotangulia kuliandika waliongozwa na kazi za wagonjwa wao kabla ya kuongozwa na maabara. Paul Gerson Unna, daktari wa ngozi wa Hamburg, mji wa bandari uliojaa watu waliozeekea melini, alichapisha mwaka 1894 kitabu kikubwa cha histopatholojia, yaani elimu ya kuzichunguza kwa hadubini tishu zilizougua, na humo akaieleza ngozi ya mabaharia, iliyokauka, kukunjamana, kubadilika rangi kwa mabaka na hatimaye kuota saratani katika sehemu zile zile zilizopigwa na jua na upepo wa bahari. Miaka miwili baadaye William Dubreuilh wa Bordeaux, katika eneo la Ufaransa linalojulikana kwa mizabibu, aliyaeleza madoa yenye magamba yaliyowaota wakulima, akaendelea kuyafuatilia kwa zaidi ya muongo mmoja hadi alipoandika, mwaka 1907, kwamba jua lenyewe ndilo chanzo, kwa kuwa vibarua wa mashambani waliugua mara nyingi kuliko watu wa mjini na madoa yalifuata mipaka ya nguo, yakaacha ngozi iliyofunikwa na kushika ile iliyo wazi.

Ushahidi huo wa mipaka ya nguo ulikuwa na nguvu kuliko ulivyothaminiwa wakati ule, kwa sababu ulimfanya mgonjwa mmoja awe kipimo chake mwenyewe: ngozi ya kifua na ngozi ya shingo ni za mtu mmoja, mwenye urithi mmoja na umri mmoja, na kilichozitenga ni mwanga peke yake. Hata hivyo madaktari wengi waliendelea kulihesabu doa hilo kuwa dalili ya uzee, na jina la kitabibu lililotumika katika sehemu kubwa ya nusu ya kwanza ya karne ya 20 lililihusisha na ukongwe, ingawa baharia wa miaka 40 aliweza kuwa nalo na mtawa wa miaka 80 akawa hana. Jina linalotumika katika makala hii, keratosisi ya jua, linatokana na keratini, protini ngumu inayojenga magamba ya ngozi, kucha na nywele, ambayo katika doa hilo hurundikana kupita kiasi. Na daktari mzoefu mara nyingi hulitambua kwa kidole kabla ya jicho, maana ukali wa gamba lake huhisika hata pale ambapo rangi haijatofautiana na ya ngozi ya jirani.

Chini ya hadubini doa hilo lina sura ambayo mwanafunzi wa patholojia akishaiona hawezi kuisahau. Epidemisi, yaani tabaka la juu la ngozi, hujengwa na seli zinazozaliwa chini kabisa, zikapanda taratibu, zikabapa, zikapoteza kiini na hatimaye kumwagika kama vumbi lisiloonekana. Katika keratosisi ya jua seli za safu ya chini huwa na viini vikubwa, vyeusi na visivyolingana, mpangilio wao huvurugika, na zile zinazofika juu huwa bado zimebeba viini ambavyo zilipaswa kuviacha njiani. Pale ambapo tundu la unyweleo hutokeza, seli zilizopanda kutoka kina cha tundu, ambako mwanga ulifika kidogo, hubaki na mpangilio wa kawaida, hivyo kipande cha ngozi kilichotiwa rangi za maabara huonyesha nguzo za waridi na za samawati zikipishana, waridi juu ya seli zilizoharibika na samawati juu ya matundu. Chini ya yote hayo, katika demisi, tabaka lililo chini ya epidemisi, nyuzinyuzi zinazoipa ngozi unyumbufu huwa zimegeuka rundo la kijivu lisilo na umbo, na rundo hilo halikomi kwenye ukingo wa doa bali huendelea chini ya ngozi ya jirani ambayo kwa macho ni nzima kabisa. Wachunguzi wa mwanzo waliliona jambo hilo la mwisho, wakaliandika, wakalipita; historia yote iliyofuata inaweza kusomwa kama safari ndefu ya kurudi kulitazama.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuthibitisha kwamba mwanga pekee unatosha kuleta saratani. Mwaka 1906 James Nevins Hyde wa Chicago aliandika kuhusu athari ya mwanga katika kuzalisha saratani ya ngozi, akiunganisha mambo yaliyokuwa yametawanyika, likiwemo lile la uhaba wa saratani hiyo kwa watu weusi, ambalo alilihusisha na rangi iliyomo ndani ya ngozi yao. Mwaka 1928 G. M. Findlay, akifanya kazi London, aliwaanika panya chini ya taa ya mvuke wa zebaki inayotoa urujuanimno, yaani sehemu ya mwanga iliyo nje ya upeo wa jicho na yenye nishati kubwa kuliko rangi ya urujuani, akaona uvimbe wa saratani ukiota hata kwa wanyama ambao hawakupakwa lami inayojulikana kuleta saratani. Katika miaka ya 1930 Ángel Roffo wa Buenos Aires alifanya jaribio lililo rahisi na zuri zaidi: aliwaweka panya weupe kwenye jua halisi la Argentina kwa miezi, wakapata saratani kwenye masikio na sehemu nyingine zisizo na manyoya, kisha akaonyesha kwamba kioo cha kawaida cha dirisha kikiwekwa kati ya jua na mnyama, saratani hazitokei, kwa kuwa kioo hicho hupitisha joto na mwanga unaoonekana lakini huzuia urujuanimno wa mawimbi mafupi. Tangu hapo hoja kwamba joto, vumbi au upepo ndio unaodhuru haikuwa na mahali pa kusimama.

Namna urujuanimno unavyoiharibu seli ilijulikana baada ya wanasayansi kuielewa DNA, molekuli ndefu inayobeba maagizo ya urithi kwa mpangilio wa herufi nne za kikemia. Mwaka 1960 R. Beukers na W. Berends wa Delft, Uholanzi, walieleza kwamba mwanga huo huzifunga pamoja herufi mbili za thaimini zilizokaa bega kwa bega, zikawa kitu kimoja kilichopinda ambacho mitambo ya seli haiwezi kukisoma sawasawa. Kwa bahati njema seli ina vimeng'enya vya kukata kipande kilichofungamana na kukijaza upya, na umuhimu wa kazi hiyo ulibainika mwaka 1968 wakati James Cleaver, katika Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, alipoonyesha kwamba seli za watu wenye zerodema pigmentosumu, ugonjwa wa kurithi uliokuwa umeelezwa na Moriz Kaposi wa Vienna karibu karne moja kabla, zina upungufu katika ukarabati huo. Watoto wenye ugonjwa huo hupata keratosisi za jua na saratani za ngozi wakiwa bado wadogo, wengi wao kabla ya kutimiza miaka 10. Ilidhihirika kuwa kila mtu anayetoka nje mchana huumizwa DNA yake kwa maelfu ya majeraha madogo, na afya ya ngozi hutegemea urekebishaji ambao haumaliziki.

Wakati elimu ya molekuli ikisonga mbele, matabibu walijifunza jambo kubwa kwa njia ambayo hawakuipanga. Charles Heidelberger na wenzake wa Wisconsin walikuwa wameunda mwaka 1957 dawa ya saratani iitwayo fluorourasili, inayozizuia seli zinazogawanyika haraka kuijenga DNA, na dawa hiyo ilikuwa ikidungwa kwenye mishipa ya wagonjwa wenye saratani za matumbo na viungo vingine vya ndani. Mwaka 1962 G. Falkson na E. J. Schulz wa Afrika Kusini waliripoti mabadiliko ya ngozi kwa wagonjwa waliotibiwa hivyo: keratosisi za jua, ambazo hakuna aliyekusudia kuzitibu, ziliwaka, zikawa nyekundu, zikachubuka, kisha zikapona. Dawa ikatengenezwa upya kama malai ya kupaka, na hapo ndipo lilipoonekana lile ambalo kila daktari wa ngozi hulitarajia hadi leo, kwamba mgonjwa aliyekuja na madoa matano usoni, akiipaka dawa uso mzima kwa majuma machache, huwashwa na kuwa mwekundu katika madoa hayo matano na katika sehemu nyingine nyingi ambazo hapo awali zilionekana salama. Dawa ilikuwa ikiyafichua majeraha yaliyojificha kwa sababu seli zake tayari zilikuwa zimeshaanza kugawanyika bila mpangilio, ingawa gamba lilikuwa halijaota.

Nadharia ya kulieleza jambo hilo ilikuwa tayari imetolewa na mtu aliyekuwa akishughulika na kiungo kingine. Mwaka 1953 Danely Slaughter na wenzake wa Chicago walichunguza saratani za kinywa za wagonjwa 783, wakakuta kwamba ngozi laini ya kinywa iliyozunguka kila uvimbe haikuwa ya kawaida chini ya hadubini hata pale ilipoonekana nzima, na kwamba wagonjwa wengi walikuwa na uvimbe zaidi ya mmoja uliozuka mahali tofauti. Walihitimisha kuwa kichochezi cha saratani, kiwe moshi wa tumbaku au kingine, hakipigi nukta moja bali huliandaa eneo zima, kama shamba lililokwisha mwagwa mbegu za magugu, ambamo kung'oa shina moja hakuzuii jingine kuchipua hatua chache pembeni. Kwa muda mrefu wazo hilo lilinukuliwa na madaktari wa koo na kinywa kuliko wa ngozi, ingawa hakuna kiungo kinacholithibitisha kwa uwazi zaidi kuliko uso wa mkulima.

Hesabu zilizoliweka wazi zilitoka Australia, nchi ambayo wakazi wake wengi wana asili ya visiwa vyenye mawingu vya kaskazini mwa Ulaya na wanaishi chini ya jua kali. Robin Marks na wenzake waliwafuatilia watu 1,689 wenye umri wa miaka 40 au zaidi katika mji wa Maryborough, jimbo la Victoria, wakahesabu keratosisi 21,905, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 1988 walionyesha kuwa uwezekano wa doa moja kugeuka saratani ya seli bapa, aina ya saratani inayoanzia katika seli za epidemisi, ni chini ya 1 kati ya 1,000 kwa mwaka. Tena walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba madoa mengi hutoweka yenyewe. Lakini katika ripoti hiyo hiyo kulikuwa na jambo zito zaidi kwa anayeifuata historia hii: saratani nyingi zilizuka pale palipokuwa na keratosisi mwaka uliotangulia, ila takriban 4 kati ya kila 10 zilizuka katika ngozi ambayo mwaka uliotangulia ilionekana haina doa. Mtu mwenye madoa mengi yuko hatarini, lakini hatari hiyo haikai ndani ya madoa peke yake.

Wakati Maryborough ikihesabiwa, Tanzania ilikuwa na watu ambao hadithi hii yote iliwapitia katika muda mfupi wa kutisha. Melanini, rangi ya kahawia na nyeusi inayotengenezwa na seli maalumu za ngozi, hugawiwa kwa seli za jirani na kukusanyika juu ya kiini cha kila seli upande unaoelekea nje, ikawa kifuniko kinachoipunguzia DNA urujuanimno. Mtu mwenye ualbino hana kifuniko hicho, au anacho kidogo mno, na anapozaliwa karibu na ikweta katika familia ya wakulima, wavuvi au wafugaji, ngozi yake hupata katika miaka michache mwanga ambao baharia wa Hamburg aliupata katika maisha mazima. Jeff Luande, Claudia Henschke na N. Mohammed walichapisha mwaka 1985 uchambuzi wa kumbukumbu za watu 350 wenye ualbino wa Dar es Salaam, ukionyesha kuwa madhara ya jua yalikuwa yakionekana tangu mwaka wa kwanza wa uhai na kwamba saratani zilizokomaa ziliwakumba wengi wakiwa katika miaka yao ya ishirini. Takwimu hizo zilipaswa kuitikisa dunia ya tiba kuliko zilivyofanya, kwa kuwa zilieleza ugonjwa unaozuilika ukiwaua vijana, na kwa kuwa ziliondoa kabisa dhana kwamba keratosisi ya jua ni doa la wazee.

Mwaka 1992 kilifunguliwa mjini Moshi, katika eneo la hospitali ya KCMC, Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi cha kanda, kilichokusudiwa kuwafunza maofisa tabibu kutoka nchi mbalimbali za Afrika, na mapema katika maisha yake kituo hicho kilianza kuwafuata watu wenye ualbino vijijini badala ya kuwangoja hospitalini. Mwaka 1995 Donald Lookingbill na Grace Lookingbill pamoja na Barbara Leppard, aliyekuwa akifundisha kituoni hapo, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 164 walioandikishwa katika huduma hiyo kaskazini mwa Tanzania. Kliniki ya namna hiyo haihitaji jengo kubwa: hukaa kwenye darasa la shule au zahanati, mgonjwa huvua kofia, akageuzwa kuelekea dirishani, na mtoa huduma hupitisha vidole kwenye paji la uso, nyuma ya masikio, midomoni, shingoni na mabegani, akitafuta ukali wa gamba, kisha doa hugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika iliyobebwa kwenye chupa maalumu, seli zilizoharibika hufa kwa baridi, na baada ya majuma machache ngozi mpya hufunika mahali hapo. Mwaka huo huo wa 1995 Richard Spritz na wenzake waliripoti kwamba Watanzania wengi wenye ualbino wa aina ya pili wana pengo la aina moja katika jeni iitwayo OCA2, ambapo kipande cha herufi zipatazo 2,700 kimepotea. Pengo hilo hilo limeonekana pia katika nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara, ishara kwamba limerithiwa kutoka kwa mhenga mmoja wa zamani sana.

Pengo la OCA2 hurithiwa kutoka kwa baba na mama na limo katika kila seli. Mabadiliko ambayo jua huyaleta ni ya namna nyingine, kwani huzuka katika seli moja ya ngozi baada ya kuzaliwa, hurithiwa na watoto wa seli hiyo tu, na hayaendi kwa mtoto wa mgonjwa. Mabadiliko ya kudumu ya herufi za DNA huitwa mutesheni, na mwaka 1991 Douglas Brash wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake walionyesha kwamba mutesheni za jua zina alama yake. Waliisoma jeni ya p53, ambayo protini yake huisimamisha seli yenye DNA iliyoumia hadi irekebishwe, au kuiamuru ijiue isiporekebishika, wakaikuta imeharibika katika zaidi ya nusu ya saratani za seli bapa walizozichunguza, na baadhi ya saratani hizo zilikuwa na herufi mbili za saitosini zilizokaa pamoja na kugeuka thaimini mbili, kosa ambalo urujuanimno ndio unaojulikana kuliacha. Kwa mara ya kwanza uvimbe wa mtu aliyekaa juani miaka 30 iliyopita ulibeba ndani yake hati ya chanzo chake. Mwaka 1994 kundi hilo likiongozwa na Annemarie Ziegler liliikuta alama hiyo hiyo katika keratosisi za jua, likaonyesha pia kwamba panya wasio na p53 hawapotezi seli zao kama kawaida baada ya kuunguzwa na mwanga. Maana yake ni kubwa: ngozi inayobabuka baada ya kuungua juani huwa inatupa seli zilizoharibika, na seli iliyopoteza p53 haitupwi, bali hubaki na kuchukua nafasi zilizoachwa na jirani zake waliokufa, kiasi kwamba kila kuungua kupya huipanulia mipaka.

Miaka miwili baadaye, 1996, maabara hiyo hiyo ilitazama ngozi ya kawaida ya watu, isiyo na doa lolote, ikakuta koo za seli, yaani makundi ya seli zilizotokana na seli mama moja, zenye p53 iliyoharibika zikiwa zimetapakaa katika epidemisi iliyopigwa na jua, nyingi na kubwa zaidi kuliko katika ngozi iliyofunikwa. Mwaka 2015 Iñigo Martincorena na wenzake wa Uingereza walikwenda mbali zaidi kwa kuvikata vipande 234 vidogo vya ngozi ya kope kutoka kwa watu 4, ngozi iliyokuwa imeondolewa kwa upasuaji wa kawaida wa kope zilizolegea, wakasoma jeni 74 zinazohusishwa na saratani, wakakadiria kwamba takriban robo ya seli hizo za kawaida zilikuwa tayari zina mutesheni inayoweza kusukuma saratani, hasa katika jeni ya NOTCH1 na jeni za jamii yake zinazoiamuru seli ya ngozi iache kugawanyika na ikomae. Kile ambacho fluorourasili ilikifichua kwa kuwasha, na ambacho hesabu ya Maryborough ilikiashiria, sasa kilikuwa kimesomwa herufi kwa herufi.

Lakini ikiwa ngozi nzima ina mutesheni za aina moja na doa, swali la kinachoifanya sehemu moja iote gamba na nyingine ibaki laini haliwezi kujibiwa kwa kusoma herufi peke yake, na hapo ndipo utafiti wa utendaji wa jeni ulipopata nafasi yake. Karibu kila seli ya mwili hubeba jeni zote, ila husoma baadhi na kuziacha nyingine zimefungwa. Jeni inaposomwa hunakiliwa kuwa RNA, na wingi wa nakala hizo huonyesha seli inafanya nini wakati huo. Mwaka 1995 maabara ya Patrick Brown huko Stanford ilitoa njia ya kupima jeni nyingi kwa pamoja, kwa kutumia kigae cha kioo kilichopangwa vitone vya DNA ya jeni mbalimbali: RNA ya tishu hugeuzwa kuwa nakala zenye rangi inayong'aa, humwagwa juu ya kigae, kila nakala hushikamana na kitone kinachofanana nayo, na mng'ao wa kitone husomwa na mashine. Jaribio la kwanza lilihusu jeni 45 za mmea mdogo. Baada ya miaka michache vigae vilibeba jeni zote za binadamu, na baadaye nafasi yao ikachukuliwa na mitambo inayosoma herufi za nakala hizo moja baada ya nyingine.

Mwaka 2010 R. Steven Padilla na wenzake wa Marekani walilinganisha utendaji wa jeni katika ngozi ya kawaida, keratosisi ya jua na saratani ya seli bapa, wakakuta kwamba jeni zilizopanda au kushuka katika saratani zilikuwa zimekwisha kuelekea upande huo huo katika keratosisi, kiasi kwamba hali hizo mbili zilionekana kuwa vituo vya njia moja. Mwaka 2016 Vida Chitsazzadeh na wenzake wa Texas waliweka ushahidi wenye uzito zaidi kwa kuchukua kutoka kwa mgonjwa yule yule ngozi ya kawaida, keratosisi na saratani, na kuzilinganisha na ngozi ya panya wasio na manyoya walioanikwa chini ya taa zinazofanana na jua; hitimisho lao lilikuwa kwamba mabadiliko makubwa ya utendaji wa jeni hutokea katika hatua ya kutoka ngozi ya kawaida kwenda keratosisi, na kwamba hatua ya kutoka keratosisi kwenda saratani, ambayo daktari huiogopa zaidi, huleta mageuzi machache kuliko ilivyodhaniwa. Kati ya zilizoamka ni jeni zinazotawaliwa na familia ya protini za E2F, zinazoifungulia seli mlango wa kugawanyika, na tafiti mbalimbali zimeona pia ongezeko la keratini ambazo kwa kawaida huonekana kwenye kidonda kinachopona, pamoja na vimeng'enya vinavyokata nyuzinyuzi za demisi. Seli za keratosisi, kwa maneno mengine, zinatenda kazi ya kuziba jeraha ambalo halifungi.

Matokeo hayo yana mipaka ambayo msomaji anapaswa kuijua. Kipande cha ngozi kilichosagwa maabarani huwa na seli za epidemisi, za demisi na za kinga zilizokusanyika chini ya doa, na RNA zao huchanganyika, hivyo jeni inayoonekana kupanda inaweza kuwa imepanda katika seli ya kinga inayolishambulia doa badala ya seli ya doa lenyewe. Tena uchunguzi hulikuta kila doa katika siku moja ya maisha yake, na doa lililokatwa haliwezi tena kufuatiliwa ili ijulikane kama lingetoweka au lingegeuka saratani. Ndiyo sababu kliniki hadi leo hazina kipimo cha jeni cha kulichagua doa moja la hatari kati ya mia, na madaktari huyatibu yote wanayoyagusa.

Hata hivyo tiba imekwisha kubadilika kufuata elimu hii. Tangu miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 zimeingia sokoni njia nyingine za kulitibu eneo zima badala ya doa moja moja, zikiwemo tiba ya mwanga, ambayo dawa hupakwa kisha ngozi ikaangaziwa ili seli zilizoharibika zife, na imikuimodi, malai inayoiita kinga ya mwili. Kwa upande wa kinga, jaribio la Victoria lililochapishwa mwaka 1993 lilionyesha kwamba watu waliopaka losheni ya kukinga jua kila siku kwa msimu mmoja wa kiangazi walipata keratosisi mpya chache na waliokuwa nazo zikapungua, na jaribio la Nambour, jimbo la Queensland, lililoongozwa na Adèle Green na kuwahusisha watu 1,621 kati ya 1992 na 1996, lilionyesha kupungua kwa saratani za seli bapa kwa takriban asilimia 40. Ngozi iliyojaa koo za seli zilizoharibika bado hunufaika kwa kupunguziwa jua hata katika umri mkubwa, kwa kuwa koo hizo hupanuka kwa msaada wa kila kuungua kupya.

Losheni iliyotumika Australia haikufika Afrika Mashariki kwa bei ambayo familia ya kijijini ingeweza kuimudu, na chupa za msaada zilizofika zilikuwa za hapa na pale, nyingine zikikaribia kwisha muda wake. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kituo cha Moshi, kwa juhudi za mfamasia Mafalda Soto kutoka Hispania na wafamasia wa Kitanzania aliofanya nao kazi, kilianza kutengeneza losheni yake chenyewe, iliyopewa jina la Kilisun, ikichanganywa na kujazwa chupani hapo hapo na kugawiwa bure kwa watu wenye ualbino kupitia kliniki zile zile zinazopita vijijini, pamoja na kofia pana na maelezo ya kuipaka asubuhi kabla ya kutoka na kuirudia mchana. Ngozi zilizojenga ramani za utendaji wa jeni za 2010 na 2016 zilitoka kwa wagonjwa wa Marekani, ilhali mtoto mwenye pengo la OCA2 anayepaka losheni hiyo tangu darasa la kwanza anapita katika umri ambao kumbukumbu za Dar es Salaam za 1985 ziliujaza vidonda. Kuisoma RNA ya ngozi ya watoto kama huyo, waliokingwa mapema, pamoja na ya ndugu zao wakubwa ambao hawakukingwa, ndiko kutakakoonyesha ni jeni zipi huamshwa na jua kwanza na zipi hufuata, swali ambalo ngozi ya wazee wa Texas, iliyochanganya miaka 60 ya mwanga na miaka 60 ya umri, haiwezi kulijibu peke yake.